Kukisia na Kuvumisha



Liko swali ambalo huonekana dogo, lakini ukilishika vizuri hukutoa jasho. Mtu akiwa na jambo lake ambalo bado hajalitangaza, je, ni haki wengine kukaa na kulibahatisha? Twafanya hivyo kila siku. Ikisikika tu kwamba kasisi atahamishwa, kabla barua haijasomwa kanisani watu wamekwisha kumpangia mtaa mpya, na mrithi wake wamekwisha kumpata. Ikichimbwa misingi ya nyumba kando ya barabara, huyu asema ni duka, yule asema ni baa, ilhali mwenye kiwanja hajafumbua kinywa. Wako wanaoliita jambo hili umbea na kulikemea moja kwa moja. Wako pia wanaosema kuwa ni akili tu zinafanya kazi, wala hapana mtu anayedhurika.

Nimeona afadhali tulitazame swali hili mbali na kwetu, tusije tukashikana mashati juu ya nani alisema nini. Tuende Uingereza, katika mkoa wa Staffordshire, kwenye bustani ya burudani iitwayo Alton Towers. Huko kubahatisha kumekuwa karibu kazi ya watu, nacho wanachobahatisha ni rolakosta itakayojengwa.

Kwa ambaye hajaiona, rolakosta ni reli iliyoinuliwa juu ya nguzo, ikapandishwa, ikashushwa, ikapindwa na hata kupinduliwa miguu juu. Juu yake hupita treni ndogo, na abiria wamefungwa imara vitini. Mnyororo huivuta treni polepole mpaka kileleni mwa kilima cha kwanza, kisha huiachia, na aghalabu tangu hapo haina injini ya kuisukuma: uzito wake wenyewe ndio unaoikimbiza mpaka mwisho. Watu hulipa ili watishwe hivyo, nao huteremka wakicheka. Sina la kuwalaumu. Watoto wetu hupanda miembe mirefu kwa sababu ile ile, tena bila kulipa.

Alton Towers yenyewe ilikuwa makao ya ukoo wa makabaila wa Shrewsbury, na magofu ya jumba lao yangali yamesimama katikati ya miti. Rolakosta yake kubwa ya kwanza, Corkscrew, ilifunguliwa mwaka 1980. Lakini bustani ile imezungukwa na vijiji, na sharti mojawapo lililowabana wajenzi ni kwamba wasijenge kitu kitakachochomoza juu ya vilele vya miti. Kwa hiyo walipotaka rolakosta kubwa zaidi, mbunifu wao John Wardley na wenzake walikwenda chini badala ya kwenda juu. Miamba ililipuliwa kwa baruti, likachimbwa shimo, na reli ikapitishwa humo shimoni. Rolakosta hiyo iliitwa Nemesis, ikafunguliwa tarehe 16 Machi 1994.

Wakati wa kuiandaa walipaswa kuipa jina la kuzungumzia ofisini bila kutoa siri, wakaiita Silaha ya Siri namba 3. Namba 1 na namba 2 zilikuwa mipango iliyoishia kwenye karatasi. Jina lile la fumbo likawa desturi. Tangu hapo mashabiki wakisikia kwamba iko Silaha ya Siri nyingine, hawalali. Itakuwa ndefu kiasi gani? Itapinduka mara ngapi? Itajengwa na kampuni gani, ya Uswisi, ya Ujerumani au ya Marekani? Watu wazima wenye kazi na watoto hutumia jioni zao wakibishana juu ya mambo hayo, miaka miwili mitatu kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa.

Nao wanajuaje? Hapa pana jambo la kupendeza. Katika Uingereza mtu hawezi kujenga kitu cha namna hiyo bila kibali cha halmashauri ya wilaya, na maombi ya kibali huwekwa wazi ili mwananchi yeyote ayasome na kutoa maoni yake. Humo huwamo ramani, vipimo vya urefu, orodha ya miti itakayoguswa, na taarifa ya makelele. Mambo haya hayakuwekwa kwa ajili ya mashabiki. Yaliwekwa kwa ajili ya mama anayekaa ng'ambo ya ua, ambaye ana haki ya kujua ni vishindo gani vitakavyomfikia Jumapili alasiri. Wala haki hiyo si ya bure, maana mwaka 2004 majirani wa Alton Towers walikwenda mahakamani kwa ajili ya makelele, wakashinda.

Basi shabiki huzichukua karatasi zilizoandikwa kwa ajili ya yule mama, akazisoma kwa jicho lingine. Huona urefu wa jengo, akajua kilima cha kwanza hakiwezi kuzidi hapo. Huona jinsi nguzo zilivyopangwa, akalinganisha na rolakosta nyingine anazozijua. Mwaka 2016 yalipowasilishwa maombi ya Silaha ya Siri namba 8, wasomaji wa namna hiyo walikata shauri kwamba safari hii itakuwa ya mbao, kitu ambacho Uingereza ilikuwa haijakijenga kwa miaka ishirini hivi. Tarehe 20 Machi 2018 ilifunguliwa kwa jina la Wicker Man. Kweli ilikuwa ya mbao, na treni ikipita katikati ya sanamu kubwa inayoonekana kama inawaka moto.

Sasa tuulize: wale waliokisia wamemwibia nani? Mimi sioni mwizi hapo. Mwenye kusoma karatasi iliyobandikwa hadharani hakuvunja mlango wa mtu. Angeliruka ua usiku, au angelimpa mfanyakazi hongo ili amchotee picha, neno lingekuwa jingine, kwa sababu angelichukua kilichofungiwa. Kinachopatikana kwa kuunganisha mambo yaliyo wazi ni mali ya yule aliyeyaunganisha.

Tena, tukitazama vizuri, wenye bustani wenyewe hawataki watu wasibahatishe. Jina kama Silaha ya Siri ni mwaliko. Mtu mwenye siri ya kweli haiiti siri mbele ya watu. Wazee wetu waliujua mchezo huu kabla ya rolakosta kuzaliwa: Kitendawili! Tega! Mtegaji ana jibu lake moyoni, nasi twazunguka zunguka tukilitafuta, na tukishindwa kabisa hatuna budi kumpa mji ndipo atufungulie. Utamu wa kitendawili u katika lile zunguko. Bibi akitega na kujijibu papo hapo, watoto wangelala mapema na wala wasingemshukuru.

Hata hivyo kitendawili kina adabu yake. Mtegaji ameruhusiwa kuficha, hakuruhusiwa kudanganya. Akisema nyumba yangu haina mlango, na jibu likawa yai, sote twakubali, maana kweli yai halina mlango. Angelisema nyumba yangu ina milango saba, kisha akatuambia jibu ni yai, tungelimnyang'anya mji wetu.

Kwa adabu hiyo naipima mifano miwili ya Alton Towers. Mwaka 1998 walifungua Oblivion, iliyosifiwa kuwa rolakosta ya kwanza duniani kuangusha watu wima. Treni husimama ukingoni, abiria wakatazama shimo jeusi chini yao, halafu huachiwa ikazama ardhini. Wenye vipimo hukuambia kwamba si wima kabisa: ni nyuzi 87.5, na wima wa kweli ni nyuzi 90. Je, ni uongo? Hapana, mimi nawasamehe zile nyuzi mbili na nusu. Aliyening'inia pale juu hana haja ya kuambiwa tofauti, na siri iliyofichwa ilikuwa ya kweli: shimo lilikuwako na watu walitumbukia.

Mfano wa pili waniwia mgumu kuusamehe. Mwaka 2010, mahali palepale ilipokuwa Corkscrew, ilifunguliwa rolakosta iitwayo Thirteen. Matangazo yaliyoitangulia yaliifanya ionekane kama kitu cha kutisha kupita vyote. Mashabiki nao walibahatisha kwa kadiri ya matangazo hayo, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Ilipofunguliwa, siri yake ilikuwa ya ajabu kweli: treni huingia katika jengo la giza, ikasimama, kisha kipande cha reli chenyewe huanguka na treni yake kama mita 5, na treni hutoka ikienda kinyumenyume. Ulikuwa ufundi mpya ambao dunia haikuwa nao. Lakini ukiondoa hapo, Thirteen ilikuwa rolakosta ya kupanda pamoja na watoto wako, si mfalme wa vitisho. Mashabiki wengi waliondoka wakinung'unika, na kitu kizuri kikapata jina baya kwa kosa ambalo halikuwa lake. Mtegaji alikuwa amesema milango saba.

Naona pia kwamba lawama zote hazikumwangukia mtegaji peke yake. Wapo waliovimbisha. Na hapa lugha yetu inatusaidia kuliko nilivyotazamia, kwa kuwa imetupa maneno kadhaa palipo na jambo linaloonekana kuwa moja. Kukisia ni kwa mtu aliyepima: fundi cherehani hukukisia kwa macho, akakosea kidogo tu, kwa sababu amepima maelfu kabla yako. Kubahatisha ni kurusha jiwe gizani. Likigonga embe, sifa ni ya bahati. Kudhani ni kuliweka jambo moyoni kama kwamba ni kweli, bila kulithibitisha. Kisha upo uvumi, unaovuma kama upepo, na upepo hauna mwenyewe. Huwezi kumwuliza uvumi, Wewe ulijuaje?

Tofauti yenyewe i hapo. Mtu akiniambia, Nakisia itakuwa ya mbao, kwa sababu nimeona hivi na hivi kwenye ramani, amenipa vitu viwili: wazo lake na kipimo cha kulipimia. Naweza kwenda nikaitazama ramani, nikamwambia, Ndugu, umekosea, hiki ni kivuli cha mti. Hakunidanganya hata akikosea. Lakini mtu wa pili akilichukua lile lile akamwambia wa tatu, Itakuwa ya mbao, akiiacha ramani nyuma, tayari ameharibu. Maneno hayakubadilika sana, lakini sababu zimeanguka njiani, na wa tatu amepewa mzigo asioweza kuukagua. Wa nne atasema, Nimesikia kwa mtu wa ndani. Wa kumi ataapa.

Iko methali yetu isemayo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mara nyingi ni ya kweli, ndiyo maana imedumu. Ila mimi huiogopa ile nusu ya pili. Humpa mvumishaji udhuru usiokwisha: leo halipo, basi ngojeni, laja. Mambo mangapi yalisemwa, watu wakangoja mpaka wakazeeka, yasije! Mashabiki wa rolakosta angalau wana neema moja ambayo sisi vijijini hatuna. Kwao siku ya kufunguliwa hufika. Mlango hufunguliwa, treni huonekana kwa macho, na kila makisio hulipwa au huaibishwa mbele ya watu. Anayekosea mara tatu huanza kusikilizwa kwa tahadhari. Lakini kuhusu binti wa jirani, au fedha za marehemu fulani, hakuna siku ya kufunguliwa. Uvumi hubaki hai mpaka wenyewe wamezikwa, na pengine baada ya hapo.

Atasema mwingine kwamba ni upuuzi tu watu wazima kujishughulisha na reli za kuchezea, kungekuwako kazi za maana wasingepata nafasi hiyo. Sitakaa sana juu ya hili. Mtu akisubiri jambo la furaha pamoja na wenzake, furaha imekwisha kuanza. Twapika pilau ya sikukuu mara moja, lakini harufu yake watoto huanza kuisikia puani juma zima kabla ya vitunguu kukatwa.

Pingamizi zito zaidi ni la yule asiyetaka kujua. Wako watu ambao hupenda kuikuta siri siku yenyewe. Umsimamie mtu wa namna hiyo kwenye foleni ya Thirteen ukamwambie kwa sauti kwamba reli itaanguka, umemnyang'anya kitu ambacho hutaweza kumrudishia, maana mtu hashangai mara mbili. Kwa jinsi nionavyo, hilo ni kosa hata kama kila neno ulilosema ni la kweli. Aliyetafuta jibu kwa jasho lake ana haki ya jibu, lakini hakupewa haki ya kummiminia kila mtu masikioni. Katika kitendawili, aliyekwisha kulijua jibu hukaa kimya akitabasamu, awaachie wadogo.

Mpaka hapa twaweza kuonekana tunacheza. Sina budi sasa kuwasimulia Silaha ya Siri namba 7.

Ilijengwa na kampuni ya Kijerumani, ikaitwa The Smiler, na siri iliyokuwa ikibahatishwa sana ni idadi ya mara itakazowapindua abiria. Jibu lilikuwa 14, idadi ambayo haikuwa imefikiwa popote duniani. Ilitazamiwa kufunguliwa mapema mwaka 2013, ikacheleweshwa, ikacheleweshwa tena, na kila ikicheleweshwa watu walibahatisha kwa nini. Hatimaye ilifunguliwa tarehe 31 Mei.

Miaka miwili baadaye, Jumanne tarehe 2 Juni 2015, yalitokea haya. Yafaa kwanza kufahamu kwamba reli ya namna hii imegawanywa vipande vipande, na kompyuta hairuhusu treni kuingia katika kipande ambacho treni nyingine haijatoka. Siku ile treni moja tupu ilitumwa kwa majaribio, nayo haikufika mwisho. Ilikwama njiani. Nyuma yake ikaja treni yenye watu 16. Kompyuta ikaisimamisha kilimani, kama ilivyofundishwa. Mafundi hawakuiona ile treni tupu iliyokwama. Walidhani njia ni nyeupe na kwamba kompyuta imekosea, wakaipita amri yake na kuiachia treni iende.

Abiria wale waliiona treni tupu mbele yao wakiwa wamefungwa vitini. Mahakamani ilielezwa kuwa kishindo chake kilikuwa sawa na gari la familia la tani moja na nusu likigonga kwa mwendo wa maili 90 kwa saa. Walining'inia pale juu kwa zaidi ya saa nne kabla wote hawajaokolewa. Watano waliumia vibaya, na miongoni mwao wasichana wawili walipoteza mguu mmoja kila mmoja.

Tazameni basi lile neno: walidhani. Walifanya kile kile ambacho shabiki hufanya jioni akiwa na kikombe cha chai. Waliona dalili fulani, yaani treni iliyosimama na wao wasione kitu mbele, wakaunganisha, wakapata jibu. Wala jibu lao halikuwa la kijinga. Mashine hukosea, na bila shaka wao walikuwa wamekwisha kuona hivyo. Shabiki akikosea, huchekwa. Wao walipokosea, watu walikatwa miguu. Kubahatisha kulikuwa kule kule, ila mahali pamebadilika. Shabiki hana wajibu wa kujua. Hana ufunguo, hana ngazi ya kupanda kutazama, na hakuna anayemtegemea. Aliyeshika kitasa cha kuiachia treni ana wajibu wa kujua, na kujua kulikuwako: kulihitaji mtu mmoja atembee akatazame. Mwenye nafasi ya kwenda kutazama akabahatisha, ameondoka kwenye mchezo.

Msinielewe vibaya mkadhani nawatupia mafundi mzigo wote. Hapo ndipo ulipofuata ubahatishaji wa pili, nao ulinisikitisha zaidi. Kabla wachunguzi hawajamaliza, sababu zilikuwa zikielezwa kila mahali. Mwezi Novemba 2015 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba uchunguzi wake umeona makosa ya wanadamu. Lilikuwa neno la kweli kwa sehemu, lakini lilikoma mahali pa kufaa kampuni. Septemba 2016, katika mahakama ya Stafford, kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 5. Wakaguzi wa usalama walisema wazi kwamba kosa si la mtu mmoja mmoja, bali la mwajiri, ambaye hakuwapa wafanyakazi wake utaratibu madhubuti wa kufanya kazi ile kwa usalama. Kwa miezi ile yote, fundi mmoja huenda alikuwa akienda dukani kununua mkate huku watu wakinong'ona nyuma yake. Kama kuna mtu aliyevumisha jina lake bila kuwa na karatasi yoyote mkononi, sijui atamrudishiaje.

Baadhi ya watu wamejaribu kutoa hukumu nyepesi kutokana na hayo: kwamba bustani ile ilipenda siri kupita kiasi, na siri ndiyo iliyozaa ajali. Sikubaliani nao. Kuficha idadi ya mipinduko ni kufunika chungu ili wageni wasionje kabla ya wakati. Kuficha kwamba breki ina hitilafu ni kufunika sumu. Mikono ni ile ile na kifuniko ni kile kile, lakini mtu mzima hawezi kushindwa kuvitofautisha. Mama wa ng'ambo ya ua alistahili kuambiwa juu ya makelele, nasi twaona halmashauri ilimlazimisha mwenye bustani amwambie. Hakustahili kuambiwa treni itapinduka mara ngapi. Abiria alistahili zaidi ya mama yule, kwa kuwa alikuja kuweka mwili wake wote mikononi mwa watu asiowajua.

Wicker Man ilikuwa rolakosta ya kwanza mpya kujengwa pale tangu ajali, na makisio juu yake yalianza kabla kesi haijakwisha. Nilipofikiri habari hiyo mwanzoni niliona kama utovu wa heshima. Nikifikiri zaidi, sioni hivyo. Waliokuwa wakisoma ramani za mbao hawakuwa wamesahau. Wengi wao waliifuatia kesi neno kwa neno kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuzoea kusoma karatasi za kuchosha mpaka mwisho.

Na ile Nemesis ya shimoni, iliyoanzisha mambo haya yote, ilifungwa tarehe 6 Novemba 2022. Sababu ya kuifunga ilisemwa wazi: reli ilikuwa na umri wa miaka 28 na ilipaswa kubadilishwa. Kilichofichwa ni sura mpya ya yule mnyama wa ajabu ambaye, katika hadithi yake, ndiye aliyelala katika lile shimo. Kwa miezi 16 watu walibahatisha atakuwaje. Rolakosta ilifunguliwa tena tarehe 16 Machi 2024, siku ile ile iliyofunguliwa mara ya kwanza miaka 30 kabla, na waliofika mapema wakakuta jicho kubwa, linalozunguka, likiwatazama.